Panga Boi la Mama

Dukani kwa Shirima, Barabara ya Saba,
yananing'inia kumi na moja,
kila moja na kikaratasi cha bei
kinachopepea kwa upepo wa jirani.

Nimekuja na kipimo mfukoni:
toka sakafu hadi dari, mita mbili na nusu
na vidole vitatu. Fundi Hezroni kaandika
kwa penseli ya useremala, kaongeza chini:
Fimbo iwe fupi. Chibago anarefuka.

Nimekuja na mama pia.
Mama haoni. Vikope vilianza kumla macho kule Bahi
mimi nikiwa darasa la tatu, vumbi likamalizia.
Shirima anamwamkia, "Mbukwenyi," kwa ulimi wa Rombo;
mama anacheka kwanza, ndipo anaitika.

"Lile la rangi ya dhahabu," naanza,
"lina taa tano, na rimoti."
"Taa za nani?" anauliza. "Washa nisikie."

La kwanza: anainamisha kichwa
kama kuku aliyesikia punje ikidondoka.
"Linakohoa. Zima."
La pili: "Hili linakimbilia wapi?"
La tatu, mapanga ya mbao ya kuigiza,
laki na themanini, kimya kama karatasi.
"Bado hajawasha?"
"Amewasha, mama. Linazunguka."
"Basi la nini? Usiku nitajuaje
kama umeme umekatika, au nimekufa?"

Mimi nahesabu yangu: wati sabini na tano,
uniti za LUKU, koili ya shaba,
dhamana ya miaka miwili isiyohusu radi.
Shirima anapanda ngazi, anashuka ngazi,
shati limemganda mgongoni
chini ya mapanga yote hayo.

Mwezi wa kumi na moja, huku kwetu upepo upo.
Ukiufungulia dirisha
unaingia na kiwanja cha jirani.

Sikumwambia Shirima habari za tembe.
Nyumba aliyonizalia mama ilikuwa fupi,
ukiingia unaisujudia,
juu udongo, chini udongo,
na saa saba mchana, jua likiwa limekaa wima,
ndani mlikuwa na ubaridi wa tumbo la mtungi.
Mimi ndiye niliyesema aibu.
Mimi ndiye niliyeleta bati Nkuhungu,
geji thelathini, rangi ya bluu,
nikamshika mkono mama nikamwambia: gusa,
hii ndiyo nyumba.
Bati likipata jua linalia, ta, ta,
linajinyoosha kama mtu aliyeamshwa kwa hasira,
na mama yu chini yake, khanga imelowa, hasemi.
Leo nanunua kwa fedha
nilichokibomoa bure.

"Na lile la kona?" anauliza mama.
"La kona limezimwa, bibi," anasema Shirima,
"lina mkwaruzo, siuzi, ni la kupoozea duka."
"Washa."

Fuu. Fuu. Fuu.
Si laini, si kali. Kuna pumziko dogo
kati ya fuu na fuu, kama mtu
anayebadilisha mkono.
Mama ananyamaza. Viganja vyake
vimegeuka juu, vimeachana
upana wa ungo.
"Hili linapeta," anasema.
"Linapeta uwele. Fungeni."

Elfu arobaini, kwa sababu ya mkwaruzo.
Halina taa. Halina rimoti. Rangi yake
ni ya maziwa yaliyosahaulika.
Hezroni amelifunga jioni, fimbo fupi,
boriti kaigonga mara mbili kwa nyundo,
akasikiliza naye, kama mama.

Saa nane za usiku naitwa.
Naingia pekupeku. Amelala chali,
kope zimefumba, mikono kifuani inatikisika
polepole, kushoto, kulia.

"Punguza namba," ananiambia.
"Pumba zinaniingia machoni."

Natoa nne, naweka mbili.