Mengineyo

Kikao kilianza saa nane na nusu.
Rekta alichelewa, barabara ya Sake ilikuwa na mizigo.
Mimi ni mwandishi: kalamu yangu husikia, haisemi.
Nikaandika. Ajenda ya kwanza, taa za njiani.
Ya pili, kadi za wanafunzi.
Ya tatu, sare mpya za walinzi, buluu, nembo begani.
Ya nne, namba ya dharura, ibandikwe kila mlango.
Ya tano, mengineyo.

Ramani ya chuo ilitandazwa mezani,
pembe zake zikashikwa na vikombe vinne vya chai.
Mishale myekundu ilitoka kila jengo
ikakutana uwanjani, myembamba, mizuri,
hata mmoja haukujikwaa.
Kwenye karatasi, mlima ukitema moto
watu hutembea kwa mstari
na hakuna anayerudi kumtafuta mdogo wake.

Taa zilipita. Kadi zilipita.
Sare zilikula saa nzima:
Profesa Bauma alitaka mfuko mmoja, kupunguza gharama,
mhasibu akasema fundi ameshakata miwili.
Nikaandika: *miwili*.

Ndipo Bwira akanyosha mkono.
Mlinzi wa usiku, mwaka wa kumi na tisa huu.
Hakuhesabiwa kiti; alisimama mlangoni
kana kwamba hata mkutanoni yuko zamu.

"Lango la pili linafungukia ndani.
Kufuli hufungwa saa nne za usiku.
Ufunguo hulala Himbi, kwa bwana stoo,
chini ya mto wake.
Mishale yenu mitatu inapita pale."

Mtu akakoroga chai isiyo na sukari.

"Na lile bonde nyuma ya maabara
mnakotaka kuweka mabenchi,
lina mazuku.
Kila alfajiri nateremsha taa ya mafuta kwa kamba,
polepole, kama anayechota maji kisimani.
Ikifika chini ikiwaka, watu wapite.
Ikizimika, naweka jiwe jeupe njiani.
Wanafunzi wanalijua hilo jiwe.
Ninyi je?"

Nsimire, mjumbe wa mabweni, hakuongeza neno.
Alikunja mkono wa blauzi hadi kiwikoni.
Kovu lilikuwa na umbo la nondo, nondo ya lango la pili,
la usiku ule mbingu ilipokuwa nyekundu juu ya Nyiragongo
na sisi, tuliotoka kitandani peku,
tukawa ukuta mmoja juu ya mwingine.

Mhasibu akauliza kama jiwe jeupe lina stakabadhi.
Hakuna aliyecheka. Labda hakuwa anatania.

Fomu ya muhtasari, sehemu ya mengineyo,
ina mstari mmoja tu.
Niliandika: *Mlinzi alitoa maoni.*
Nikayasoma maneno hayo.
Nikayakata.

Kesho yake nilifika saa kumi na moja, bado giza,
mawe meusi yanakwangua viatu.
Bwira alinipa kamba bila kuniuliza.
Taa ikashuka. Kiunoni ikawaka.
Magotini mwali ukainama, kama mtu anayeitwa kwa jina lake,
halafu haukuwepo.
Hakuna harufu. Hakuna sauti.
Mjusi mmoja amelala chali kwenye majani,
tumbo lake jeupe kuliko jiwe.

Nikarudi ofisini nikageuza fomu,
nikaandika mgongoni mwake, nikaijaza,
nikaomba karatasi nyingine.

Ufunguo bado unalala Himbi.
Fundi wa kugeuza lango anataka nusu ya pesa kwanza;
ombi liko mezani, chini ya ombi jingine.
Mabenchi, angalau, yamehamishwa.
Na sare zimefika.

Bwira anavaa yake, mikono imempita vidole.
Mifuko ni miwili.
Katika mmoja ametia firimbi.
Katika wa pili, kiberiti.