Nyota za Kaboni

Wizara ilipohamia Dodoma ilibeba viti vyenye magurudumu,
ikatuachia orofa ya nne, watu sita,
feni moja yenye kwikwi
na stoo ambayo ufunguo wake
Bi Mwantumu anauvaa shingoni kama hirizi.

Desemba. Posta inachemka. Fungu la mapambo: hakuna.
(Barua ya kuliomba ipo, na nakala yake ipo.)
"Basi tupambe kwa tulichonacho," akasema Mwantumu,
yeye ambaye kwake Magomeni hapambwi mti,
akafungua stoo, vumbi likatoka kutusalimu.

Disketi mia tatu. Utepe wa taipureta
uliokauka kama ng'onda.
Muhuri wa IMEPOKELEWA uliogoma tarehe 9 Machi 1998.
Klipu zenye kutu, na kaboni,
kaboni katoni saba.

Anyelwisye alileta tawi la mvinje toka Kigamboni,
akalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga.
Tukapasua disketi: kila moja ina kisahani cha chuma tumboni,
king'aacho kama jicho la kibua.
Panchi ikatutemea theluji.
Theluji! Sisi tunaotokwa jasho hadi kwenye kope.

Mimi nikapewa kaboni.
Kunja mara nne, kata pembe, kunjua:
nyota nyeusi, na vidole vyeusi zaidi.

Ya kumi na mbili niliiinua dirishani kuikagua
nayo ikasema, kinyumenyume:

     Ndg. K. Mbunda, Mpiga Chapa Daraja la II.
     Ombi lako la likizo ya Krismasi lime

hapo mkasi wangu ulikuwa umeshapita.

"Lime nini?" nikauliza.
Mwantumu hakuinua uso. "Limekataliwa.
Kandidi huyo, alikaa hapo ulipokaa.
Na barua aliipiga mwenyewe,
nani mwingine aliijua mashine?"

"Nakala ngapi?"

"Tatu."

Anyelwisye alitaka kileleni kiwekwe kisahani, kwa kuwa king'aa.
Hakuna aliyembishia, wala aliyemkubalia.
Mwantumu aliutia muhuri pumzi ya kinywa, mara mbili,
akaigonga ile nyota.
Juu ya weusi ule hakikuonekana kitu.
Ulisikika tu.

Saa tisa na nusu tukafunga.
Bi Mwantumu, ambaye hajawahi kusahau swichi,
aliiacha feni ikizunguka,
na kwikwi yake,
ili mti uwe unatikisika.