Mstari Mmoja Mweupe

Nzioki aliipandisha ngazi kifuani,
akipumzika kila ghorofa kama mjamzito,
akaitua mezani pangu kabla ya salamu.
"Kerubo, imebaki na mstari mmoja tu."

Nje, Barabara ya Luthuli, spika tatu zinabishana.
Ndani, nawasha. Kweli:
mstari mweupe, katikati, ukingo hadi ukingo,
kama uzi uliovutwa ukakataa kukatika.
Juu yake giza, chini yake giza.
Nembo mia nne za sweta, na shule zinafungua Jumatatu,
zote zimebanwa humo, katika upana wa unywele.

Waliomwambia aitupe ni wengi.
Nunua bapa, nyepesi kama sinia.
Lakini cherehani yake ya kutarizi ni bikizee,
anaelewana na kompyuta moja tu duniani,
na kompyuta hiyo haitaki uso mwingine ila huu.

Nazima. Nachomoa. Nangoja.
Marehemu fundi Barasa alikuwa na kidole kisichokunjika,
nacho ndicho kilichonifundisha:
kilichozimwa si kilicholala.
Ubavuni mwa kioo, chini ya kofia ya mpira,
volti elfu ishirini na ushei zimekaa kimya
zikimngoja mjinga.
Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana.
Hapa mkono mmoja unakaa mfukoni
ili mwana apate wa kumlea.

Bisibisi bapa, waya shingoni mwake,
ncha ya pili kwenye chuma.
Nainua kofia, napenyeza.

Tak.

Nzioki ameruka. Mimi pia, ila ndani kwa ndani;
nina miaka kumi na sita ya kuficha.

Kisha brashi. Vumbi la Kariobangi,
nyuzi za bluu, nyuzi za maruni,
mende aliyekauka akiota joto.
Napindua bodi chini ya taa,
nachungulia kwa lenzi niliyoirithi kwa kamera iliyokufa.
Fyuzi nzima. Hakuna kapasita iliyovimba tumbo.
Natafuta wee,
hadi kwenye mguu wa saketi inayotandaza picha juu na chini:
pete. Ufa mwembamba, mviringo,
lehemu iliyochoka kupashwa asubuhi na kupoa usiku.
Haikuvunjika. Wameachana tu, kimyakimya,
kama watu wanaoishi nyumba moja.

Namwonyesha. Haoni. Namwonyesha tena.
"Hicho tu?"
Hicho tu.

Nanyonya lehemu kuukuu, nadondosha mpya,
moshi wa ulimbo unanichoma jicho,
na hapohapo stima inapotea mtaa mzima.
Tunakunywa chai ya chupa gizani.
Anasema kitinda mimba wake ameacha chuo,
anataka kupaka watu kucha.
Sina ushauri. Namwongezea chai.

Stima iliporudi, mstari ulipanuka ghafla
kama mtu aliyeamka amechelewa kazini.
Picha nzima! Ila kona moja imeingia zambarau.
"Uliweka spika kando yake?"
Anatazama viatu vyake.
Nazungusha koili mbele ya kioo, narudi nyuma polepole,
hatua kwa hatua, kama anayeaga ukweni,
mpaka rangi zikakumbuka mahali pake.
Naegemeza kioo cha kunyolea mbele yake
nione uso wake nikiwa mgongoni,
nakaza huku, nalegeza kule.

Hapo ndipo niliiona, chini ya picha, picha nyingine:
mwenge na jembe, hafifu, kama kovu la chanjo.
Shule ya kwanza iliyompa kazi.
Aliiacha nembo yao ikiwaka usiku kucha, miaka,
hadi ikachoma kioo.
"Na hii utaiondoa?"
Hiyo si ugonjwa, Nzioki. Hiyo ni umri.
Akanyamaza, akaipangusa kwa mkono wa shati,
na vinyweleo vyake vikasimama kuielekea.

Nilisema mia tisa. Alikuwa na sita.
Nilimsikia akishuka, akipumzika kila ghorofa.

Mezani umebaki uzi mmoja wa maruni.
Nimeufunga kwenye mpini wa bisibisi.