Kilo Zake

Kijana wa chuma chakavu aliligonga ubavuni
kwa bisibisi, mara mbili, kama daktari wa ng'ombe,
akauliza: "Mzee, hili litatoa kilo ngapi?"

Sikujua. Miaka ishirini na sita
Fiati lile nililipima kwa magunia:
mia ya mtama kutoka Kongwa,
mia na kumi mwaka ule wa karanga,
askari wa mizani akiwa shemeji yake Chilewa.
Lenyewe hakuna aliyewahi kuliuliza uzito.

Nililinunua mnadani, chama cha ushirika kikizikwa,
kijani chake kimepauka kama sare ya mgambo mstaafu,
kioo cha pembeni kimoja, kadi imeliwa na mchwa.
Mbula akalizunguka, akanusa, akatema mate.
"Umeniletea mke mwenza," alisema, "tena mlevi."
Hakukosea. Lilikunywa dizeli
na oili juu yake, kama mtu anayeshushia.
Kwenye ubao wa mbele nikaandikisha:
NITAFIKA. USIULIZE LINI.

Gia zake zilitaka adabu.
Klachi mara moja, achia, sikiliza,
klachi tena, hapo ndipo uiombe ya tatu.
Ukiwa na haraka lilikutukana kwa meno
mpaka wauza nyanya wa Kibaigwa wakainua vichwa.
Nilijifunza kusikia kwa unyayo.
Hata leo, nimekaa kwenye kigoda na kandambili,
mguu wa kushoto hutafuta kitu sakafuni.

Na lilivuta kulia.
Tangu nilipobusu ukingo wa mlima Saranda
lilivuta kulia, kama ndama aliyeona shamba la watu.
Mafundi watatu walikula hela yangu.
Wa nne alikuwa mkweli: "Lishike tu, usishindane nalo."

Viazi vitamu tuliviweka juu ya mfuniko wa injini Bahi,
tukavila Manyoni, vimeiva upande mmoja.
Mlimani Chilewa alishuka, akatembea kando ya tairi la nyuma,
kipande cha mti begani, tayari kukitupa likirudi.
"Mgogo na gogo lake!" nilimpigia kelele dirishani.
"Mrangi na mdomo wake!" alijibu,
akikohoa moshi wangu.

Mwaka wa njaa tulibeba mahindi ya njano ya serikali.
Rejeta ilichemka ng'ambo ya Mvumi, saa nane mchana,
kijiji kimekaa kimya, hata mbwa hawakubweka.
Mama mmoja akatoka na ndoo, maji nusu,
maji aliyoyafuata usiku, akatembea nayo maili sijui ngapi.
Hakuuliza bei. Alisema tu, "Linywesheni."
Kwenye hati nikaandika: gunia moja limenyeshewa.
Mwaka ule wingu halikuonekana tangu Januari.
Karani wa ghala alisoma,
akaangalia juu, akaniangalia mimi,
akasaini.

Walilikata kwa gesi siku mbili.
Cheche ziliruka hadi kwenye ua wa minyaa,
Mbula akasimama na ndoo ya maji, akisema ni kwa ajili ya moto.
Vipande vikapanda mizani kimoja kimoja:
kilo elfu tano mia nane na arobaini.
Kijana akahesabu noti, akaniita Babu.

Sikumwambia kuhusu jani moja la springi,
la nyuma, upande wa dereva,
nililolitoa usiku wa kuamkia,
nikalifunga ndani ya turubai, nikapanda nalo basi hadi Mpwapwa
kwa mhunzi asiyeuliza maswali.

Masika haya Mbula analimia karanga jembe jipya,
jeusi, zito, halipindi hata kwenye mawe.
Jana alisimama katikati ya tuta, mkono kiunoni.
"Hili jembe lako," alisema, "mbona linavuta kulia?"