Wapangaji wa Nsimire

Kadutu, Bukavu inapopanda mlima, ukuta ni ubao:
jirani akikohoa, unampa pole bila kuinuka.

Ila ndani ya seva ya Nsimire,
chuma kimoja juu ya kreti ya bia,
wanakaa wapangaji wanne wasiosikiana:
zahanati, shule, ushirika wa kahawa, duka la simenti.
Kila mmoja adhani chuma chote ni chake.

Jumanne kirusi kiliingia shuleni.
Akaifuta shule nzima, akairudisha ya juzi;
zahanati haikupepesa jicho.

Usiku shule ikilala
anachota kumbukumbu yake, anawamiminia wagonjwa.
Wa kahawa hunung'unika: mbona polepole, mama?

Kisha SNEL wanakata.
Wote wanne, pumzi moja.

Nsimire anapapasa kamba ya jenereta.
Ng'ambo ya ubao, kikohozi.
"Pole," anasema.