Joka la Pugu Linapogeuka Upande

Nilitumwa Kigogo, mimi mpimaji wa manispaa,
na chombo changu cha miguu mitatu
ambacho watoto hudhani ni kamera wakajipanga, wakacheka.
Nichore bonde la Msimbazi kabla ya masika,
niseme maji yatafika wapi.

Bi Kidawa, muuza mihogo ya kukaanga, akaniuliza:
"Umeanza na kichwa au mkia?"
Nimeanza na daraja, nikasema.
Alicheka hata mafuta yakamrukia mkononi.

Basi sikiliza.
Joka lilikuwa Pugu, limekizunguka kilima mara tatu,
kichwa limekilaza juu ya mkia wake.
Lilimaliza mbuzi, likamaliza mbwa,
kisha likaanza kuita watu kwa majina.
Siku lilipomwita Mwanamtama, mfinyanzi,
aliitika, "Abee,"
akaenda na chungu cha uji kichwani,
uji unatokota, na wala hakuweka ngata.
Joka likameza uji. Likameza chungu.
Mwanamtama akarudi kwao na upara wa moto utosini,
akaendelea kufinyanga.

Tumbo linawaka, joka likaitafuta bahari.
Ukonga, Vingunguti, Tabata, hapa petu:
kila lilipogaagaa pakabaki bonde.
Ule udongo mweupe mnaouchimba Pugu
ni mafuta yake, yaliganda.

Ile ni kaolini, mama.
"Sawa. Hata mafuta yana haki ya jina la shuleni."

Likafa?
"Lilifika Salenda likalowesha ulimi.
Nani kakwambia lilikufa?
Likiunguzwa huku, hugeukia huku."

Nikakunja miguu mitatu, nikala mihogo yangu, nikalipa.
Nyumba yake niliiweka nje ya mstari,
mita tisa nje.
Mita tisa, kwa wino.

Mwezi wa nne likageuka.
Nguzo niliyoipigilia Kigogo kwa nyundo
tuliikuta Jangwani, kwenye karakana ya mabasi,
imesimama wima kwenye tope
kama iliyopelekwa na mtu mwenye adabu.
Bi Kidawa nilimkuta darasa la tatu B,
amelala juu ya madawati mawili,
karai lake la kukaangia kalikumbatia.
Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.
Alisema tu, "Sasa umeuona ubavu."

Ramani mpya nimeongeza mita arobaini kila upande.
Mhandisi Lugusha akauliza, kwa kipimo gani?
Nikataja mvua, nikataja miaka hamsini,
nikataja mchanga unaochotwa usiku kwa malori.
Yote ni kweli.
Sikumwambia kwamba, nikichora,
nilikuwa namwachia mgonjwa nafasi ya kujigeuza.

Bi Kidawa amehamia juu, karibu na msikiti.
Kila Ijumaa hushuka na kibakuli,
humwaga uji mtoni, taratibu, ukingoni kabisa.
Nilimshika mkono asiteleze.
Nikagusa kibakuli.

Uji ulikuwa umepoa.