Kondo la Kondoo

Lilifika Jumatatu katika ndoo ya rangi,
kifuniko kimekazwa kwa uzi wa kufungia majani makavu,
na barua yenye alama ya kidole cha damu:
*Heulwen Prosser, Bryn Celyn. Majike kumi na mmoja.
Wote wametupa mimba. Niambieni ni nini.*

Kondo la kondoo: nene, jekundu,
gumu kama kiatu kilichonyeshewa kikaanikwa.
Nilivaa glavu mbili mbili, nikakata kipande cha ukubwa wa ukucha.

Kwenye sahani ya maabara haoti.
Huyu hula ndani ya nyumba ya mtu tu;
ndiyo maana waliotutangulia walimwita virusi,
na kosa lao likakaa vitabuni miaka.

Rangi ilipokolea, hadubini ikanionyesha
vitone vyekundu, seli imefura
kama gunia la ulezi.
Mgeni siku mbili, husema wasemao.
Huyu siku ya tatu hapewi jembe:
amekwisha kumlimisha mwenyeji, amevuna,
amevunja ukuta, anabisha kwa jirani.

Lakini ni yupi?

Emlyn, aliyestaafu bila kuondoka,
akachungulia begani kwangu. “Wa ndege huyo. Wa kasuku.”
Enzi zake, ndiyo: kasuku, njiwa, kondoo,
wote kapu moja.
Mimi nilisoma jeni, herufi kwa herufi;
pale ndege ana A, huyu ana G,
tena mbele kidogo, na tena,
mpaka ukoo ukajitenga
kama kijito kilichokutana na jiwe.
Si wa kasuku. Anaitwa *abortus*,
jina la kazi yake, kama aitwavyo mwizi.

“Majina,” Emlyn akaguna.
“Kondoo walikufa tu hata kabla hayajaja.”

Nikampigia Heulwen. Tenga majike. Choma kondo zote.
Chanjo kabla ya msimu ujao.
Kimya. Birika likipiga mluzi, mbwa.
Kisha, sauti imeshuka:
“Lowri, mke wa mwanangu, alinisaidia kuzalisha.
Ana mimba ya miezi mitano.
Tangu jana ana homa.”

Fomu yangu ina visanduku viwili,
mnyama, binadamu, *weka alama kimoja*.

Nikasema: mpelekeni hospitali sasa hivi,
msingoje asubuhi, na mkifika
waambieni jina hili.
Nikalitamka polepole, herufi kwa herufi.
Nilisikia kalamu ikikwaruza,
nadhani ukutani.